Habiba, Mwenye Kujijibu Mlangoni

Pa avenyi yetu hapa Kenya, mutaa ya Lubumbashi, bantu banasema Habiba alihama juu mutoto wake Abdoul alimulazimisha. Haiko vile. Miye Virginie nilikaa naye parsele kwa parsele, ukuta moya tu ikitutenganisha, na nasema: Habiba alitolewa mu nyumba yake na kinywa yake mwenyewe, na kinywa ile haikusema hata neno moya ya uongo. Njo maana naandika hii. Mukono yangu iko nzito kwa kuandika. Nilijifunza kusoma pa parokia nikiwa tayari na bajukulu, basi musome polepole, sawa vile na miye naandika polepole, na mwenye kuona kosa ya herufi ainyamazie.

Habiba alikuwa mutoto wa bantu ba Maniema. Baba yake alitoka Kasongo na biashara ya vitenge, akafika Lubumbashi, akaona baridi ya mwezi wa sita, akasema kesho narudia. Hakurudia. Bwana wa Habiba, Souleymane, alikuwa mushonaji, na yeye Habiba mushonaji. Mashini yao mbili ilikaa chini ya baraza, moya inaangalia ingine, na mwenye kupita alisikia zinaongea. Miye niko wa kaskazini. Baba yangu alitoka Kabalo na kazi ya reli, shiye ni Bakatolika, na bwana yangu Léonard naye alikuwa wa reli.

Léonard njo alikufa wa kwanza. Habiba alikaa na miye mu kilio siku zote, alilala pa mukeka pamoja na bamama ba parokia, na wakati ya rozari nilimuona anatikisa midomo. Kilio ilipokwisha nikamuuliza:

"Ulikuwa unasali nini, weye Muislamu?"

"Nilikuwa nahesabu vifungo ya shimizi. Haifai muntu akae na kinywa ya kufungwa mu kilio ya wenzake."

Kisha Souleymane naye akakufa, na miye nikakaa kwake vile vile. Tangu pale tulibakia babili. Yeye alikuwa na batoto babili: Abdoul, mwenye alijenga kule Kasungami, na Najma, mwenye kufanya biashara Kasomeno, njia ya kwenda Kasenga. Miye nilibakia na Paulin, naye eko Kolwezi. Asubuhi nikisikia mashini ya Habiba, nilijua siku imeanza. Isiposikika, nilipiga ukuta na mwiko mpaka anijibu kwa hasira.

Sasa maneno ya redio. Iko redio moya ndogo ya kartier, karibu na soko, antena yake imefungwa na waya juu ya mabati. Mwenye kusema pale ni Aristote, mubaba wa tumbo kubwa na sauti ya asali. Siku moya alikuya kwa Habiba kupanusha suruali. Miye nilikuwa pale, nachagua muchele. Habiba akizungusha futi pa kiuno yake akamuambia:

"Baba Aristote, kila siku ya posho unatuletea bantu ba kutuambia tufanye nini." Siku ya posho kwetu ni samedi, jumamosi, na posho ni siku saba. "Tuchemshe mayi ya kunywa, tusomeshe batoto, tusamehe. Muzuri. Lakini hakuna hata moya anatuambia yeye mwenyewe alifanyaka nini."

"Basi kuya useme weye, Mama."

"Nitakuya. Vuta tumbo."

Nilifikiri ni kicheko. Kumbe yule mwanamuke alianza kuandika. Hakukuwa na karatasi ingine mu nyumba, basi aliandika pa zile karatasi za kukatia nguo. Alienda pale redio na karatasi yenye umbo ya mukono ya libaya, blauzi ya kitenge, akaisoma kutoka bega mpaka pa kifundo, na ilipoisha, maneno nayo ikaisha. Ile ya kwanza naikumbuka, juu niliisikia na masikio yangu:

"Miye Habiba, mushonaji wa hapa Kenya, nilikatalaga telefone ya dada yangu. Ilikuwa juu ya mashini ya mama yetu, nani atabakia nayo. Telefone inalia pa meza, naona jina yake, naendelea kushona. Ikalia siku ingine, naendelea kushona. Kisha siku moya nikachoka na makelele, nikashika. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa muntu wa kunionyesha kilio iko wapi. Mashini iko kwangu mpaka leo. Inashona muzuri. Asante."

Ni ile tu. Hakusema tusamehe. Hakutaja Mungu, hakutaja Shetani. Aristote alisahau kuweka muziki, redio ikabakia kimya sawa imekufa, na miye nikapiga redio yangu pa mgongo nikifikiri ni piles imekwisha nguvu. Mchana ile niliona Mama Nono wa mukate anavuka avenyi. Mama Nono, munaelewa, alikuwa hasalimie wifi yake tangu kale, hata mu misa walikaa kila moya pande yake ya kanisa. Alivuka na beseni yake ya mukate pa kichwa, akapiga odi kwa wifi yake, akaingia. Alikaa mule sana. Mukate ikanyauka, na wakati alitoka hakuna hata muntu alimucheka.

Pale na miye wivu ikanishika. Niko na kinywa, niko na miaka, kwa nini nisiseme? Nikamuambia Aristote, akanipa siku yangu. Nilisema juu ya heshima. Nilisema vijana ba leo hawasalimie bakubwa, hawainamishe kichwa, banafunga masikio na zile kamba za muziki. Nilisema na sauti ya nguvu, padri angesikia angefurahi. Nikarudia nyumbani, nikangoja bantu bakuye. Paulin tu njo aliniita kutoka Kolwezi, akauliza kama unga imekwisha. Nikaenda kwa Habiba. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na?"

"Ulikuwa sawa muntu amevaa nguo ya kuazima. Nguo ni muzuri, Virginie. Lakini mabega inajua haiko yake."

"Kwani nilidanganya? Batoto hawana heshima, iko kweli ao haiko kweli?"

"Iko kweli. Sasa niambie nani alikukosea heshima, na weye ulifanya nini."

Habiba alijua tayari. Mujukulu wangu, mutoto wa Paulin, alikuyaka kwangu wakati ya konje, masomo imefungwa, akanisikia nasoma Injili na kidole pa mustari, akacheka. Hakucheka na ubaya, alicheka sawa mutoto anacheka mbuzi. Nikafunga kitabu, nikaenda kupika, na tangu siku ile sikusoma tena mbele ya muntu.

"Ungesema ile kidole pa mustari," Habiba akasema, "Kenya yote ingesikiliza."

"Siwezi kusema mbele ya bantu mutoto alinicheka."

"Basi usiseme heshima."

Na akakanyaga mashini ili nisimujibu.

Nilikasirika posho nzima, lakini nilitazama kazi yake na jicho ingine. Niliona vile anafanya. Aliweka kwanza aibu yake pa meza, mbele ya yote, na mwenye kukuonyesha aibu yake unaona hana sababu ya kukudanganya mu maneno mengine. Kisha alikupa kitu ya kushika: mashini, telefone, mukate. Kisha alinyamaza, akakuachia weye umalizie. Na hakuongezaga chumvi. Siku moya nilimushauri, ile ya dada yake angeongeza kwamba dada alimutokea mu ndoto akamuambia nimekusamehe. Ingependeza bantu. Akaniangalia sawa nimemuomba aibe.

"Sikuota," akasema.

Hivi akawa muntu wa kuaminiwa. Bantu balikuya kwake na nguo ya kushona, lakini nguo ilikuwa sababu tu. Walikaa pa baraza, wakamuuliza juu ya ndoa, juu ya batoto, na yeye aliwaambia tu alifanyaka nini, na kama hakufanyaka kitu ile, aliwaambia sijui, muulize Virginie, yeye anajua yote. Ule ulikuwa uchokozi wake kwangu.

Abdoul naye alikuyaka kila siku ya Mungu, jumapili, na gari yake. Abdoul haiko mutoto mubaya. Naandika hii juu bantu banamusema. Alileta muchele, alileta mafuta, alitengeneza mabati ya mama yake na mikono yake mwenyewe. Lakini kila mara alikuwa na wimbo moya.

"Mama, chumba yako iko tayari kule Kasungami. Iko hewa, iko shamba ya mihogo, iko bajukulu."

"Na nani atanipa nguo ya kushona? Mihogo?"

"Mama, unakaa weye moya."

"Niko na mashini. Niko na Virginie."

"Mama Virginie naye eko moya." Akanigeukia. "Samahani, Mama."

"Siko miye moya," nikamujibu. "Niko na Bikira Maria na kichwa yangu ngumu."

Habiba akacheka mpaka akakohoa. Abdoul hakucheka. Alisema nyuma ya Ramadani analeta pikapu, na safari hii haulizi tena, juu muntu akianguka mu nyumba peke yake, nani atamuinua? Pale Habiba akaweka makasi chini.

"Sikia, Abdoul. Siku ya posho fungua redio kule kwako, weye na Rachida bibi yako. Nitakujibu pale, mbele ya bantu bote. Nitasema vile naishi, kitu kwa kitu, bila kuficha. Ukisha kusikia na bado unataka pikapu, lete pikapu. Napanda. Lakini ukikosa la kusema, hutanitajia tena Kasungami mpaka munizike."

"Mbele ya bantu bote?"

"Mbele ya bantu bote. Mama Virginie ni shahidi."

Abdoul akakubali. Na miye nilifurahi, sitaficha. Nilijua hakuna muntu anaweza kumushinda Habiba na maneno. Nilimuona Abdoul amekwisha kupoteza, nikamupa ndizi ya kula njiani.

Aliandika siku mingi. Alichukua karatasi ya mgongo ya libaya, juu ile ni pana. Alipomaliza akapiga ukuta, nikasimama pande yangu juu ya tofali, yeye pande yake juu ya stuli, akanisomea, na vichwa yetu inatoka juu ya ukuta sawa kuku babili. Tulicheka. Ile fasi ya kutoa salamu mulangoni alisoma akifanya macho, akivuta midomo, akikohoa kikohozi ya tumbaku ya Souleymane, sawa sawa kabisa, na miye nikashika ukuta juu nisianguke. Nikamuambia: "Utawaua na kicheko." Akasema: "Nataka waone sikosi kitu."

Siku ya posho nilibakia kwangu na redio pa magoti. Aristote akamutaja, na Habiba akaanza:

"Miye Habiba nakaa miye moya, na nakaa muzuri. Mutoto wangu anafikiri nateseka, basi namuambia mbele yenu vile siku yangu inapita. Asubuhi nashona. Jua ikipanda naenda soko. Nikirudia nafungua mulango, natoa salamu, sawa tulifundishwa kuitoa hata nyumba ikiwa haina muntu. Zamani bwana yangu aliniitikia kutoka pa mashini yake: Karibu, mwenye nyumba, umeniletea nini? Sasa hayuko, basi namuitikilia. Nafanya sauti yake. Karibu, mwenye nyumba, umeniletea nini? Na miye najibu: Nimekuletea miguu inauma. Kisha naweka kikapu, napika bukari. Bukari ya muntu moya haitoke muzuri, unga ikiwa kidogo inashika sufuria, basi napika ya bantu babili. Ile ingine nakula kesho yake. Kila kitu iko fasi yake. Sikosi kitu."

Ni maneno yale yale. Naapa, hakubadilisha hata moya. Lakini pa ukuta nilikuwa naona uso wake, na mu redio uso haikuwa. Ilikuwa sauti tu, sauti ya mwanamuke muzee inaingia mu nyumba yangu na kuniambia inapika bukari ya babili. Ile sauti ya Souleymane, mwenye ilinichekesha mpaka kushika ukuta, sasa ilinitoa majasho. Nilisikia kiti inalia kule redio. Aristote akasema "Mama..." na hakumalizia. Akaweka muziki mbio mbio.

Habiba alirudia na furaha. Nilisikia geti yake, nikasikia anaimba. Hakuweka hata kikapu, bamama bakaanza kuingia. Mama Nono na mukate, wifi yake na mboga ya sombe, mwingine na samaki ya kukauka, mwingine na unga mu sahani imefunikwa na kitambaa. Wakaingia polepole, wakavua sandale, wakakaa chini. Hakuna mwenye kuongea. Muntu angepita angesema pale iko kilio.

"Kwani nani amekufa?" Habiba akauliza.

Mama Nono akafuta macho na kona ya kitenge.

"Nauliza nani amekufa! Mama Nono, simama. Virginie, waambie!"

Nilikuwa nimesimama pa geti. Nilipaswa kusema: ni kicheko, bamama, alisoma kwa kuchekesha. Lakini miye mwenyewe nilikuwa nimekuya na sahani ya bukari mu mikono, na Habiba aliiona.

Abdoul alifika kabla ya jua kushuka. Bamama bakampisha, wakaenda moya moya. Alikaa pa mashini ya baba yake, fasi mwenye hakukaaka tangu baba afe, akashika gurudumu yake.

"Mama, nilisikia."

"Basi? Uko na la kusema?"

"Unamuitikilia Baba."

"Ni muchezo, Abdoul! Ni kwa kucheka!"

"Rachida alitoa sufuria pa moto, akakaa chini analia."

"Rachida analiaga hata na kitunguu."

Pale Abdoul akacheka, na machozi inatoka. Akafuta na mukono.

"Mama, kama ungesema tu uko na furaha, singeamini, na ningekosa la kujibu. Kila muntu anasema vile. Lakini ulisema bukari ya babili. Ile niliamini. Sasa unataka nifanye nini? Nisikuamini? Weye njo ulitufundisha, Habiba wa redio hasemi uongo." Akasimama. "Posho ya kuya naleta pikapu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona Habiba anatafuta neno na neno inamukosa.

Kesho yake niliingia kwake bila kupiga odi. Nilikuwa nimefikiri, na nilikuwa na dawa.

"Rudia pale redio. Sema ile sauti ya Souleymane ulitunga. Sema ulitaka kuchekesha bantu, bukari unapika ya moya, na unaimaliza. Mulipatana mbele ya bantu, basi mbele ya bantu ubadilishe. Abdoul atafunga kinywa."

"Na dada yangu?"

"Dada yako amekufa, anaingia wapi?"

"Nikisema hii nilitunga, Mama Nono atauliza: na ile ya mashini je? Na ile ya telefone? Alivuka avenyi juu ya neno yangu, Virginie. Sasa nimuambie arudie pande yake?"

"Mama Nono haiko jirani yako! Jirani yako ni miye! Ukuta kwa ukuta!"

"Najua."

"Basi sema uongo moya. Moya tu, haitaua muntu. Juu yangu."

Aliniangalia. Alikuwa na pini mu midomo, akatoa moya moya, akazichoma pa mutoto wake, ile mufuko ndogo ya nguo yenye bashonaji banafunga pa mukono.

"Ungeniomba mashini," akasema, "ningekupa leo. Hata ile ya mama. Lakini ile unaniomba siko nayo."

Nikamuambia yeye ni mwenye kiburi. Akaniambia kiburi aliazima kwangu. Nikarudia kwangu na posho ile yote sikupiga ukuta, hata asubuhi yenye mashini yake haikulia.

Pikapu ilikuya kweli, na Najma aliteremuka kutoka Kasomeno juu ya kusaidia kufunga. Mashini mbili waliziweka nyuma, zimefungwa pamoja na matela ya kitanda, moya inaangalia ingine. Nilisimama pa geti yangu na mikono pa kifua. Habiba akakuya mpaka mbele yangu.

"Unanikasirikia?"

"Ndiyo."

"Muzuri. Unasema kweli."

Akapanda. Hakuangalia nyuma, na miye sikupunga mukono. Mama Nono alipunga, batoto ba avenyi balipunga. Nilingoja mpaka vumbi ianguke, nikaingia.

Sasa mu nyumba yake anakaa Guelor, mwenye moto, pikipiki ya kubeba bantu, na bibi yake Abigaïl. Ni bantu bazuri. Bananisalimia. Banapiga muziki mpaka ukuta inatetemeka, na siku moya Abigaïl aliniuliza kama makelele inanisumbua. Nilisema hapana. Muziki haiko shida. Shida ni mwiko, juu sina tena sababu ya kupiga nayo ukuta.

Habiba ananiita kwa telefone. Redio yetu kule Kasungami ni Abdoul tu anaifunguaga, na bantu kule hawamujue, banamuita tu mama ya Abdoul. Nilimuuliza nyumba iko namna gani.

"Imejaa," akasema. "Nikiingia natoa salamu, sijamaliza, banaitikia bote pamoja. Bajukulu, Rachida, hata mutumishi."

"Si ni muzuri?"

"Ni muzuri. Lakini hawamuachie Souleymane nafasi."

Miye mwenye kujua yote, nilisema unga imepanda bei, yeye akasema na huku vile vile, tukaagana.

Aristote alikuya kuniomba nichukue siku ya Habiba pale redio. Nilikataa. Nilisema nitaandika, na padri aweke mu karatasi ya habari ya parokia, juu mu redio nimeona vile sauti bila uso inafanya. Karatasi nayo haina uso, najua, lakini karatasi unaweza kurudia kuisoma.

Na juu nataka mumuamini Habiba, na hamutamuamini kama na miye sitoe yangu, natoa. Niko na robine mu parsele yangu, inatoka mayi kila siku. Lakini asubuhi nachukua bidon, naenda pa robine ya bantu bote, kule karibu na mashini ya kusaga, nasimama mu mulolongo. Nikifika mbele, mara ingine namupisha mwenye kuwa nyuma yangu, namuambia weye uko na batoto banangoja, chota. Na mwingine, na mwingine. Bamama banajua niko na robine. Hawaniulizi. Nabeba bidon narudia nayo, namwanga mayi pa maua ya Léonard, juu mu nyumba hakuna mwenye kuikunywa. Njo vile nakaa tangu Habiba aende.

Paulin, najua muntu atakutumia foto ya hii karatasi kule Kolwezi. Usinilie. Na usikuye na pikapu. Sikupatana na weye mbele ya bantu, hakuna kitu nilikuahidi. Niliandika juu ya Habiba, juu bantu banasema alishindwa na mutoto wake, na haiko kweli: angeweza kubakia kwa neno moya, akalikataa. Ukitaka kuya, kuya na bajukulu, na yule wa kucheka pia, atanikuta nasoma na kidole yangu pa mustari. Mukule, mulale, murudie kwenu. Miye sitoke hapa.

Kama unafika asubuhi na hunikute mu nyumba, niko pa robine.